Mtihani wa Fundi wa Mikoko Hufanyika Lini?

Mwanagenzi wa uchomeleaji akimaliza kuunga vipande viwili vya chuma, mwalimu wake hana haja ya kusubiri. Huugonga muungo, huukagua kwa jicho, akitaka huukata ili aone ndani, na kabla ya chakula cha mchana mwanafunzi ameshajua kama ameweza au la. Mwanagenzi wa urejeshaji wa mikoko akichomeka miche mia moja kwenye tope, hakuna mwalimu anayeweza kumwambia siku hiyohiyo kama kazi yake ni njema. Miche yote imesimama na yote ni ya kijani. Iliyopandwa mahali pasipofaa nayo husimama vilevile, na huweza kuendelea kusimama kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kufa.

Tofauti hii ya muda ndiyo tutakayoichambua. Mafunzo ya ufundi stadi yamejengwa juu ya kupima kazi papo hapo. Je, yanawezaje kumwandaa mtu kwa kazi ya hifadhi ya mazingira, ambayo jibu lake huja baada ya miaka miwili au mitatu? Mfano wetu utakuwa mikoko ya pwani ya Tanzania na Kenya, kwa sababu hapo ugumu wa swali hili huonekana wazi kuliko penginepo.

Tuanze na istilahi. Ufundi stadi ni ujuzi wa kazi mahususi unaofundishwa hasa kwa kuitenda kazi hiyo. Umahiri, kama neno hili linavyotumika katika vyuo vya ufundi, ni uwezo wa kuifanya kazi kwa kiwango kinachotakiwa mahali pa kazi penyewe, maarifa, stadi za mkono na mwenendo vikiwa pamoja. Ili umahiri upimike, kazi hugawanywa kuwa majukumu, majukumu hugawanywa kuwa vitendo, na kila kitendo huwekewa kipimo. Tanzania Bara, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha kwa utaratibu huu katika ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, ndilo linalosimamia viwango.

Hifadhi ya mazingira nayo ina vyuo vyake, na baadhi ni vya zamani. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilianza mwaka 1963. Chuo cha Misitu Olmotonyi kiko Arusha, cha wanyamapori Pasiansi kiko Mwanza, cha ufugaji nyuki kiko Tabora. Vyuo hivi vimetoa maofisa, mabwana misitu na askari wa wanyamapori kwa miongo mingi, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini mhitimu wa stashahada ya misitu kwa kawaida huajiriwa kusimamia. Anayeingia topeni na miche mkononi ni mwanakijiji, mwanachama wa kikundi au wa kamati ya maliasili, na mafunzo anayopata mara nyingi ni semina ya siku moja au mbili inayotangulia siku ya kupanda. Kati ya stashahada na semina kuna nafasi pana, na nafasi hiyo ndiyo mahali pa fundi.

Ili tujue fundi huyo afundishwe nini, hatuna budi kuifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza si kupanda. Ni kuuliza kwa nini hakuna miche mahali hapo tayari. Mikoko huzaa kwa wingi, na mbegu zake huelea na kusafirishwa na maji. Pakiwa na miti mizazi karibu, na maji yakiingia na kutoka inavyotakiwa, miche huota yenyewe bila gharama. Pakiwa patupu, ipo sababu. Huenda tuta la shamba la chumvi lililoachwa limezuia maji, chumvi ikajikusanya kwenye udongo. Huenda barabara imekata mkondo. Huenda ng'ombe au mbuzi wanapita hapo kila siku, au bado watu wanakata. Mwanaekolojia wa Marekani Robin Lewis alitumia maisha yake ya kazi kuonesha jambo hili: kwamba kwanza irekebishwe njia ya maji, na kupanda kuje mwisho, pale tu ambapo mbegu haziwezi kufika zenyewe. Kwa fundi, maana yake ni kwamba huenda kifaa cha kwanza cha kazi kikawa jembe la kufungulia tuta, na siku ya kwanza isipandwe hata mche mmoja.

Hatua ya pili ni kusoma kimo cha ardhi. Mikoko haioti popote penye maji ya bahari. Kwa kawaida hukaa katika sehemu ya juu ya ukanda ulio kati ya maji kupwa na maji kujaa, ambako mizizi hufunikwa kwa muda na kisha kupata hewa. Mita chache kuelekea baharini, mche unafunikwa kwa saa nyingi mno kila siku. Mita chache kuelekea nchi kavu, unakaushwa na chumvi. Kwa macho, uwanja wa tope huonekana tambarare. Tofauti ya sentimita ishirini au thelathini, ambayo mgeni haioni kabisa, ndiyo inayoamua uhai wa mche. Kuipima hakuhitaji mitambo. Mpira wa maji ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi unatosha: mwisho mmoja hushikwa kwenye msitu wenye afya ulio jirani, pale ambapo miti ya chini kabisa inasimama, na mwisho wa pili huletwa kwenye uwanja mtupu. Ikiwa uwanja uko chini ya kimo cha miti ile, hapo si mahali pa mikoko, hata kama mradi umeshapaweka kwenye mpango wake.

Hatua ya tatu ni kuchagua aina. Mlilana hustahimili upande wa bahari. Mkoko wenye mizizi mirefu ya kujiegemeza, ambao sehemu nyingine huitwa mkaka, hupenda tope laini la kandokando ya mikondo. Mkandaa hukaa ndani zaidi, kwenye udongo mgumu. Mchu una tabia ya pekee: huonekana upande wa bahari na pia ukingoni mwa nchi kavu, kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri mpangilio mmoja tu atakosea. Na hapa ndipo kosa la kawaida linapozaliwa. Mbegu ya mkoko huo wa mizizi mirefu ni ndefu, hushikika vizuri mkononi, huchomekwa theluthi moja ndani ya tope, na kazi imekwisha. Mbegu za mlilana ni ndogo sana na zinahitaji kitalu, viriba na uangalizi. Basi hupandwa mkoko huo kila mahali, hata panapostahili mlilana au mchu, kwa sababu ndio rahisi kupanda.

Zinazofuata ni hatua za mkono, nazo tunaweza kuzipita haraka: kutambua mbegu iliyokomaa kwa pete ya manjano chini ya tunda, kujaza viriba, kuzoesha miche jua na chumvi kabla ya kuitoa kitaluni, kupima nafasi kati ya mche na mche. Mtu makini hujifunza mengi ya haya kwa siku chache. Semina huyafundisha, na huyafundisha vizuri. Baada yake huja matunzo: kurudi kuhesabu, kuondoa takataka zilizonasa kwenye miche, kutazama kama kaa wanakata, kujaza mapengo. Kwa hatua hii, mara nyingi semina haina la kusema.

Kinachotokea hatua za mwanzo na za mwisho zikirukwa kimeandikwa na watafiti. Ufilipino, nchi iliyowekeza fedha nyingi katika kupanda mikoko kwa miongo kadhaa, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha kuwa miche iliyoendelea kuishi kwa muda mrefu ilikuwa kwa jumla asilimia 10 hadi 20 tu. Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, maeneo 23 yaliyopandwa yalikaguliwa miaka baadaye. Katika maeneo 9 hakukuwa na mche hata mmoja uliobaki. Katika nchi zote mbili sababu zilifanana: mahali pasipofaa, aina isiyofaa, na kukosa matunzo baada ya siku ya kupanda.

Lakini mfano wa Ufilipino una fundisho la ziada. Watu hawakupanda kwenye tope la chini kwa kutojua peke yake. Maeneo yaliyofaa, yale ya juu, yalikuwa yamegeuzwa mabwawa ya samaki yenye wenyewe. Palipobaki wazi ni pale ambapo hakuna aliyepadai, na hapakudaiwa kwa sababu hapafai. Mafunzo hayawezi kutatua mgogoro wa ardhi. Yanaweza, hata hivyo, kumpa fundi jambo moja lenye thamani kubwa: sababu zinazopimika za kusema kuwa hapa hapapandwi. Fundi umeme anayekataa kuunganisha nyumba yenye nyaya mbovu huhesabiwa kuwa mahiri. Fundi wa mikoko naye anastahili kuhesabiwa hivyo, na umahiri wa kukataa unapaswa kuandikwa katika kiwango cha kazi yake.

Sasa tunaweza kuuliza mafunzo yachukue muda gani. Jibu halimo katika kalenda ya muhula wala ya mwaka wa fedha. Bahari ya pwani yetu hubadilika kwa mwezi: bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja mwezi unapoandama na unapopevuka, na katikati yake ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Mwanafunzi aliyefika kwa siku tatu za maji mafu ataona uwanja ambao haufunikwi kabisa, na ataamini ni mkavu. Aliyefika siku za bamvua ataona maji kila mahali. Muda mfupi kabisa wa kuona mzunguko mmoja kamili ni kama siku kumi na tano. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, kwa hiyo kuona kiwango cha juu kabisa cha maji kunahitaji nusu mwaka. Na kuona mche ukipita msimu wa mvua, ukapita kiangazi, ukashika, ni mwaka mmoja au zaidi.

Hapa inafaa kutazama mfano wa upande mwingine, ili tusidhani kuwa kila kazi ya hifadhi inadai mafunzo marefu. Katika vijiji vya Dodoma wakulima wamefundishwa mbinu ya kisiki hai: kuchagua kisiki chenye uhai shambani, kuyapogoa machipukizi yakabaki machache yenye nguvu, kuyawekea alama na kuyalinda. Mbinu ya namna hii ilienea nchini Niger kuanzia miaka ya 1980 na kufunika mamilioni ya hekta. Mafunzo yake ni mafupi na yanafanikiwa. Sababu ni kwamba kisiki tayari kina mizizi, chipukizi hurefuka mbele ya macho katika msimu mmoja, kosa la kupogoa vibaya hurekebishwa mwaka unaofuata, na shamba ni la mkulima mwenyewe, hulipita kila siku. Kazi yenyewe inamjibu upesi, kwa hiyo yenyewe inakuwa mwalimu. Kutokana na mifano hii miwili tunaweza kutoa kanuni: kadiri kazi inavyochelewa kumjibu mtendaji, ndivyo mafunzo yanavyopaswa kubeba mzigo ambao kwingine ungebebwa na kazi yenyewe.

Jambo jingine ni nani afundishwe. Pwani ina watu ambao wameisoma bahari tangu utotoni. Mvuvi hana haja ya kuelezwa bamvua. Wakata boriti wa Lamu waliipanga miti kwa unene na majina, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kwa ajili ya nyumba za mwambao na za nchi za Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wa nguzo za mikoko nje mwaka 1982. Mtu wa namna hiyo anajua kila aina inaota wapi na inakua kwa kasi gani. Asichokuwa nacho huenda ni kazi ya kitalu na utunzaji wa kumbukumbu. Tanzania ina utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi, ambao VETA huutumia kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunza nje ya mfumo rasmi, kama mwashi au seremala. Hakuna sababu ya kimsingi ya utaratibu huo kuishia mjini. Sharti ni moja: upimaji uwe wa vitendo na wa maelezo ya mdomo, topeni, kwa Kiswahili. Ukiwa wa karatasi utawaacha nje wale hasa waliokusudiwa.

Kuna kizuizi ambacho mafunzo peke yake hayawezi kukiondoa, nacho ni namna ya kulipa. Mradi ukilipa kwa kila mche uliochomekwa, unalipa wingi na haraka. Fundi aliyefundishwa kupima kimo, kusubiri bamvua na kukataa mahali pabaya atajikuta anapata kidogo kuliko jirani yake asiyefundishwa. Baadhi ya watu hupendekeza malipo yasubiri hadi miche ihesabiwe baada ya miaka mitatu. Pendekezo hilo linasikika kuwa la haki, lakini linamtwika mtu maskini hatari isiyo yake: mafuriko, mbuzi wa mtu mwingine, tope lililohama. Hawezi kula ahadi kwa miaka mitatu. Naona njia iliyo sawa ni kulipa siku za kazi kama kazi nyingine yoyote, na ndani ya siku hizo zihesabiwe za kupima kabla ya kupanda na za kurudi baada ya kupanda. Kule Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013 kutokana na hekta 117 unaonesha kuwa fedha zinaweza kufuata msitu uliosimama: mapato huja baada ya uhakiki, na sehemu yake imeingia katika maji na shule za vijiji vya Gazi na Makongeni. Mpango wa namna hiyo unaipa kazi ya matunzo thamani mwaka baada ya mwaka.

Turudi basi kwenye swali la mtihani. Kwa sehemu, ni kweli, mtihani hauna budi kungoja. Ningependa kuona cheti cha hatua mbili: cha kwanza kwa stadi za kitalu na upandaji, ambazo hupimwa papo hapo, na cha pili kinachotolewa baada ya mwanafunzi kurudi kwenye eneo lake akiwa na kumbukumbu za miaka miwili, akaeleza kilichoishi na kilichokufa. Miche mingi ikiwa imekufa, si lazima ahesabiwe ameshindwa. Anayeweza kueleza sababu ya kila pengo, na kuonesha alama za kipimo zinazothibitisha maelezo yake, ni fundi zaidi kuliko aliyebahatika kupanda mahali pazuri asijue kwa nini pazuri. Najua wapinzani watasema gharama ya mpimaji kurudi baada ya miaka miwili ni kubwa. Ni ndogo ikilinganishwa na kupanda uwanja uleule mara tatu.

Lakini sehemu kubwa ya mtihani haihitaji kungoja, na hili ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote. Mwanagenzi si lazima asubiri miche yake mwenyewe ikue. Anaweza kupelekwa kwenye miche iliyopandwa na wengine miaka kumi au ishirini iliyopita. Gazi kumepandwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ilipoanza kurejesha maeneo yaliyokatwa. Delta ya Rufiji nchini Tanzania, yenye takribani hekta 50,000 za mikoko, ina sehemu zilizofyekwa kwa mashamba ya mpunga. Mtahini anaweza kumsimamisha mwanafunzi kwenye viwanja vitano, kimoja kilichofaulu, kimoja kilichokufa, kimoja chenye miche ya asili isiyohitaji msaada, kimoja kinachohitaji tuta lifunguliwe, kimoja kisichofaa kabisa, na kumuuliza: hapa ungefanya nini, na kwa nini? Jibu la kila kiwanja linajulikana tayari, kwa sababu muda umeshalitoa. Asubuhi moja ya maji kupwa inatosha.

Ili mtihani huo uwezekane, viwanja vilivyoshindwa vinapaswa kutunzwa na kuandikwa kama vile vilivyofanikiwa: mwaka uliopandwa, aina, kimo, nani alichagua mahali, miche mingapi ilikuwa hai baada ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kwa sasa kumbukumbu hizo ni nadra. Taarifa za miradi huandika idadi ya miche siku ya kupanda, kisha mradi hufungwa, na uwanja mtupu husahaulika mpaka mradi mwingine uje kupanda palepale. Kazi ya kuanzia, kwa hiyo, ni ya ofisi za misitu za wilaya na kamati za vijiji pamoja: kuzunguka na wazee waliokuwepo, kutafuta kila mahali palipowahi kupandwa, na kupachora kwenye ramani moja, palipoota na pasipoota, kabla wanaokumbuka hawajaondoka.